Vichwa vya risasi za .375 vinazunguka ndani ya ganda: ni joto la Tabora au kuna jambo jingine?

#1 Mwana_Isevya (Tabora)
Wakuu, habari za jioni.
Marehemu baba mdogo aliacha raifo ya risasi za inchi .375 H&H. Leseni imeshahamia kwangu kwa taratibu zote, kwa hiyo wale wa "umeitoa wapi" pumzikeni. Pamoja na bunduki kuna boksi la risasi ambazo si za kiwandani. Alipewa na mgeni mmoja mwindaji wakati akifanya kazi kambini Ugalla, kabla pori halijawa hifadhi ya taifa. Huyo mgeni alikuwa anajaza risasi zake mwenyewe huko kwao. Boksi ni la plastiki, ndani kuna kikaratasi cha kuandikwa kwa mkono, wino umefifia hausomeki.
Tatizo: baadhi, nikishika ganda mkono huu na kichwa kwa vidole vya mkono huu, kichwa kinazunguka. Nyingine zimekaza kabisa. Moja kichwa kimetoka chote, punje za baruti zikamwagika mezani.
Mimi nasema ni joto. Zilikaa miaka stoo yenye bati, na Oktoba ya hapa mnaijua. Brasi imetanuka ikaachia. Jamaa yangu anasema nichukue koleo nibane mdomo wa ganda kidogo, mambo yaishe. Wajuzi mnasemaje?

#2 NgojaNione
Naweka kambi hapa. Wajuvi waje.

#3 MwishoWaReli (Kigoma)
Wanyamwezi bwana. Asali ikiganda ni joto, risasi ikilegea ni joto, treni ikichelewa ni joto.

#4 Kipilipili
Mtoa mada, KOLEO WEKA CHINI. Baruti hiyo iliyomwagika usiirudishe na kichwa usikisukume ndani kwa kidole ukaja kuipiga. Nitarudi na maelezo, niko kazini.

#5 DadaWakili (Kigoma)
Kabla hamjafika kwenye ufundi. Tunayo Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Leseni ya kumiliki bunduki si leseni ya kutengeneza risasi. Kuijaza risasi upya nyumbani ni kutengeneza, uite "kurekebisha" au uite utakavyo. Na hizo za zawadi, zipo kwenye hesabu ya risasi za leseni yako? Jibu huna haja ya kuliandika hapa.

#6 Mwana_Isevya
Dada nimekuelewa. Sitaki kujaza chochote, nataka kujua kwa nini zimelegea. Kama ni za kutupa nijue natupa nini.

#7 DadaWakili
Hutupi. Unazipeleka kituo cha polisi unaandikishiwa. Nimemaliza, endeleeni.

#8 TichaKasulu
Hoja ya joto tuipige hesabu. Brasi hutanuka takriban milioni 19 ya urefu wake kwa kila nyuzi moja ya joto, namaanisha 19 gawanya kwa milioni. Shaba ya ganda la nje la kichwa ni kama 17. Tofauti ni 2. Kichwa cha .375 kina kipenyo cha milimita 9.5. Tuseme stoo imepanda nyuzi 30 juu ya kawaida. Zidisha: 2 × 30 × 9.5, gawanya kwa milioni. Unapata milimita 0.0006 hivi. Hata unywele wako ni mnene mara nyingi zaidi ya hapo. Na ikipoa usiku vyote vinarudi.
Isitoshe, kiini cha risasi ya madini ndani ya kichwa hutanuka kuliko brasi. Kwa hiyo joto likifanya lolote, linakaza.

#9 NgojaNione
Joto limekufa post ya nane. Apumzike kwa amani.

#10 Mwana_Isevya
Ticha hiyo 0.0006 ni kubwa au ndogo kwa mambo ya risasi? Maana mimi hapo sina kipimo kichwani.

#11 Kipilipili
Nimerudi. Mimi ni wa Nzega ila niko Afrika Kusini, huku kujaza risasi ni mchezo wa kawaida kwa wenye leseni na vilabu vya shabaha. Najaza za kwangu, kwa hiyo nasema ninachokifanya.
Kichwa hakigandishwi kwa gundi. Kinashikwa na shingo ya ganda, basi. Tundu la shingo linafanywa dogo kuliko kichwa, kwa kawaida milimita 0.05 hadi 0.08, halafu kichwa kinasukumwa kwa presi. Brasi inataka kurudi ilipokuwa, ndiyo inabana. Ticha, 0.0006 yako ni kama moja ya mia ya huo mbano. Joto limetoka, nakubaliana na wewe.
Kinachobaki ni kwa nini hiyo 0.05 haipo. Sababu ziko nyingi. Ya kwanza kabisa, na ndiyo ya wengi: shingo haikubanwa vya kutosha mwanzoni. Ganda likishapigwa shingo yake hutanuka mpaka kwenye ukuta wa chemba (tundu la bunduki ambamo risasi hukaa ikipigwa), kiasi kwamba kichwa kipya kinadumbukia chenyewe. Ndiyo maana ganda hupitishwa kwenye dai, kifaa cha chuma chenye tundu, inayolibana, kisha kijichuma cha mviringo kinapita ndani ya shingo kikirudi kuweka tundu sawa. Kijichuma hicho kikiwa kinene, shingo inatoka pana. Mtu akinunua dai ya mtumba ambayo mwenye nayo wa kwanza alibadilisha kijichuma, hajui, anajaza boksi zima.

#12 Fundi_Karakana (Tabora)
Vijana, hamjambo. Mimi mstaafu wa karakana ya reli. Bunduki sizijui ila mbano nimeufanya maisha yangu yote. Bushi ya shaba ikiingizwa kwenye tundu la chuma ni mambo hayo hayo: ukikosea kidogo tu, bushi inazunguka na shafti. Kabla ya kulaumu dai naomba kipimo. Hicho kichwa kilichotoka kipimwe kwa venia (kipimo cha unene na kipenyo), na tundu la shingo lipimwe. Bila namba mnapiga ramli.

#13 MwishoWaReli
Shikamoo mzee. Hatimaye Tabora imetoa mtu.

#14 Fundi_Karakana
Marahaba. Na reli yako inaishia kwako kwa sababu ilipita kwangu kwanza.

#15 Msasi_Ugalla
Nimefanya kazi ya kufuata nyayo kambi mbalimbali huko. Mtoa mada, mgeni huyo alikuwa Mjerumani au wa Austria? Nauliza kwa sababu wale wengi hupenda 9.3x62. Ni risasi ya zamani, Otto Bock wa Berlin aliitoa 1905, na walowezi wa Kijerumani huku Afrika waliipenda. Kichwa chake ni milimita 9.3 tu, inchi .366. Kama mtu ana bunduki zote mbili na vichwa vimechanganyika mezani, akaweka cha 9.3 kwenye ganda la .375, lazima kizunguke. Ni milimita 0.2 na ushee ya uwazi hapo.

#16 AskariMstaafu
Msasi yuko sahihi. Mchanganyiko wa namna hiyo upo hata kwenye .303. Wengi wanadhani .303 na .308 ni ndugu. Kichwa cha .303 ni inchi .311 au .312. Ukiweka cha .308 kinacheza. Nilishaona mtu anabishana kwamba ganda ni bovu, kumbe kichwa si chake.

#17 Kipilipili
0.2 haizunguki tu, inaanguka ndani. Kichwa kinaishia juu ya baruti. Mtoa mada kasema vinazunguka, na kimoja ndicho kimetoka. Siamini kama ni 9.3. Ila pima, mzee kashasema.

#18 Msasi_Ugalla
Ukibana mdomo wa ganda juu yake hakianguki. Nimeziona za hivyo.

#19 Kipilipili
Haya, hiyo kweli. Mdomo umebanwa, shingo yote iko wazi. Nakupa hiyo.

#20 Mwana_Isevya
Nimepima. Fundi jirani ana venia ya kidijitali. Kichwa kilichotoka: 9.52. Tundu la shingo la ganda lile: 9.50, mara 9.52, inategemea unashikaje. Mdomo umebanwa kweli, kuna kijistari cha duara pembeni.
Msasi samahani, 9.3 imekufa.

#21 Fundi_Karakana
Hiyo venia ya kidijitali ya madukani siiamini kwenye mia za milimita, na tundu halipimwi kwa zile pembe zake ndogo. Zinagusa sehemu mbili bapa, duara linatoka dogo kuliko lilivyo. Tundu hupimwa kwa pini za kipimo. Lakini kichwa 9.52 nakubali, hicho ni rahisi kupima. Kwa hiyo kichwa ni sawa, ganda ndilo la kuhojiwa.

#22 Kipilipili
Kuna kitu kwenye picha uliyonitumia faragha. Hicho kichwa hakina kijifereji cha kuzunguka tumboni, ni laini kuanzia mkiani. Kijifereji ndicho mahali pa mdomo wa ganda kuingia ukibanwa. Huyo mtu kabana mdomo kwenye kichwa kisicho na kijifereji, tena kwa nguvu. Wengi wanadhani kubana zaidi ni kukaza zaidi. Matokeo huwa kinyume: brasi inaingia ndani na kichwa kinabonyea, halafu brasi inarudi nyuma kidogo kwa kuwa ina chemchemi, kichwa chenye madini laini ya risasi ndani hakirudi. Nafasi inabaki. Na ukisukuma dai zaidi, shingo inavimba chini ya mdomo, ule mbano wa pembeni wote unapotea. Unaishiwa na pete moja nyembamba inayoshika juu, chini hewa.
Kwa hiyo sababu yangu ya pili: amebana kupita kiasi.

#23 NgojaNione
Yaani jamaa wa koleo angemaliza kazi kabisa.

#24 Mwana_Isevya
Jamaa wa koleo yuko hapa anasoma. Amenyamaza.

#25 Mkulima_Urambo
Mimi nina swali la pembeni. Hiyo stoo ilikuwa na nini kingine? Nauliza kwa sababu sisi wa tumbaku stoo zetu zina mbolea za NPK na CAN mpaka darini. Redio yangu ya zamani niliiweka humo msimu mmoja, vipande vyote vya shaba vikageuka kijani. Panga halikuguswa sana. Mbolea ina kitu na shaba.

#26 Mwana_Isevya
Mkuu umenishtua. Baba mdogo alikuwa analima tumbaku, na stoo hiyo hiyo kuku walikuwa wanalala pembeni. Boksi lilikuwa rafu ya chini.

#27 TichaKasulu
Hapo sasa! Mkulima umegusa mahali penyewe. Amonia. Kinyesi cha kuku kinatoa amonia, mbolea ya nitrojeni ikiloa inaweza kutoa. Brasi ya maganda ni shaba 70 kwa zinki 30 kwa mia, na aina hiyo amonia inaila kwa njia ya ajabu: haiozi yote, inapasuka pale tu ambapo chuma kimekazwa.
Waingereza waliliona tatizo hili India. Risasi zilihifadhiwa kwenye mazizi ya farasi, na kila msimu wa mvua maganda yakawa yanapasuka yenyewe bila kuguswa. Miaka mingi walidhani ni msimu, hata jina wakalipa la msimu. Mwaka 1921 ndipo watafiti walipoeleza kwamba ni amonia ya mkojo wa farasi pamoja na unyevu na ule mkazo uliobaki kwenye brasi.
Sasa fikirini shingo ya ganda iliyobana kichwa. Imekazwa muda wote, mchana na usiku. Ikipata ufa wa urefu, hata mdogo, mbano unaachia na kichwa kinazunguka. Na hii inaeleza kwa nini nyingine zimekaza: hazikupasuka.

#28 MwishoWaReli
Kwa hiyo ni kuku. Nimesoma post ishirini na saba kuambiwa ni kuku.

#29 Fundi_Karakana
Usicheke mwanangu. Mabomba ya brasi tuliyaona yamepasuka karibu na choo, mahali pengine yako salama. Ticha anasema kweli.
Mwana_Isevya, chukua simu, piga picha ya shingo moja iliyolegea na moja iliyokaza, karibu kabisa, na mwanga uje pembeni usije mbele. Ufa wa namna hii hauonekani kwa mwanga wa mbele. Futa kwa kitambaa kikavu tu, usitie kitu.

#30 Kipilipili
Nakubali amonia ipo. Lakini huku nimeona shingo zilizopasuka bila kuku wala farasi. Brasi inachoka. Kila ukiibana na kuitanua inazidi kuwa ngumu. Ganda lililojazwa mara nyingi bila kupashwa moto, shingo inakuwa ngumu, ukiibana inarudi nyuma zaidi ya inavyotakiwa, tundu linabaki pana. Mwisho inapasuka. Huyo mgeni alikuwa anajaza mwenyewe, maana yake maganda yalikuwa yanazunguka. Nani anajua yalishapigwa mara ngapi?

#31 AskariMstaafu
Dawa yake si ndiyo kupasha shingo moto?

#32 Kipilipili
Ndiyo, shingo tu, kwa muda mfupi sana, kitako cha ganda kisiguswe na joto kamwe maana kile kikilainika bunduki inakurudia usoni. Lakini hata hapo kuna mtego wa upande wa pili. Ukiipasha kupita kiasi shingo inakuwa laini mno, inapoteza chemchemi. Kichwa kinaingia vizuri kwenye presi, unafurahi, kesho kinazunguka. Ngumu mno inalegea, laini mno inalegea.

#33 Mwana_Isevya
Wakuu, baadhi zina rangi kama ya buluu na njano shingoni mpaka mabegani. Nilidhani ni uchafu.

#34 Kipilipili
NDIYO HIYO. Amezipasha.

#35 AskariMstaafu
Taratibu. Risasi nyingi za jeshi zina rangi hiyo zikitoka kiwandani, hawaisafishi. Na kuna viwanda vya brasi ya kiraia, Lapua mojawapo, wanaiacha pia. Kiwanda kinapasha shingo mara ya mwisho na rangi inabaki, ni alama ya kawaida. Rangi peke yake haisemi kama zimepashwa mara moja kiwandani au na mtu jikoni kwake.

#36 Kipilipili
Sawa. Lakini "baadhi" ndiyo inayonisumbua. Kiwanda kingepasha zote.

#37 Fundi_Karakana
Labda maganda ni ya viwanda tofauti. Yamesomwa maandishi ya kitakoni?

#38 Mwana_Isevya
Mzee yako ya aina mbili. Yale ya rangi ni aina moja. Zilizolegea zipo kwenye aina zote mbili. Hapo mnaniambiaje.

#39 NgojaNione
Hapo tunakuambia usiku mwema.

#40 Fundi_Karakana
Aina mbili maana yake kuta za shingo unene tofauti. Dai ni moja. Ukuta mwembamba, dai inambana kidogo tu kwa nje, tundu linabaki pana hata kile kijichuma cha Kipilipili kinapita bila kugusa. Ukuta mnene, dai inambana sana, kijichuma kinatanua mpaka kipimo. Kwa hiyo aina moja ilipaswa ilegee na nyingine ikaze. Wewe unasema zote zimo. Basi unene si jibu lote.

#41 Msasi_Ugalla
Niwaulize kitu ambacho hamjagusa. Hizo zilizolegea hazikuwa kwenye bunduki? Kambini tulikuwa na desturi: mgeni akipiga, risasi zilizobaki kwenye magazini (kisanduku cha risasi cha bunduki) zinarudi boksini jioni. .375 inasukuma. Kila inapopigwa, zile zilizo chini zinarushwa na ncha zinagonga ukuta wa mbele wa magazini. Risasi moja ikikaa chini siku nzima, asubuhi inarudi chini tena, inagongwa kila mara. Unaweza kuziona: ncha imebonyea na kichwa kimeingia ndani kidogo kuliko wenzake. Wawindaji makini wanazizungusha, ya chini inakuja juu.
Ndiyo maana ziko za aina zote mbili. Bunduki haichagui kiwanda.

#42 TichaKasulu
Hii nayo inaingia akilini. Duh.

#43 Kipilipili
Msasi umenirudisha darasani. Na kichwa kikiingia ndani, nafasi ya baruti inapungua na presha inapanda. Ndiyo sababu nilisema toka mwanzo usipige. Kwenye bunduki ya mitutu miwili ni kinyume: ukipiga mtutu huu, risasi iliyo kwenye mtutu wa pili ganda linashikwa na kwenda nyuma na bunduki, kichwa kinataka kubaki kilipo, kinachungulia nje.

#44 Mwana_Isevya
Ncha mbili tatu zimebonyea, ndiyo. Na moja iliyobonyea imekaza kabisa, haizunguki. Na mojawapo ya zilizolegea ncha yake ni nzima kama mpya.

#45 MwishoWaReli
Mtoa mada wewe ni adui wa nadharia zote.

#46 AskariMstaafu
Tofauti na za jeshi zinavyofanywa. Kwenye za zamani, .303 kwa mfano, kichwa kilishikwa kwa vijishimo vitatu vilivyogongwa kwa nje kwenye shingo ya ganda, na ndani ya shingo kulikuwa na lami ya kuzuia maji. Lami inashika. Ukitaka kukivuta kichwa unasikia "kha" kwanza. Za huyu mgeni hazina lami wala vijishimo, zinategemea brasi peke yake. Tena watu wanaosafisha maganda mpaka yanang'aa ndani ya shingo, au wanaacha mafuta ya dai humo ndani, wanapunguza msuguano pia.

#47 Kijana_Gongoni (Tabora)
Nimechelewa. Askari umesema .303. Sisi hapa tulipochimba msingi wa nyumba ya bibi zilitoka risasi za zamani, kijani tupu. Nazo zilikuwa zinazunguka. Hizo ni za vita ile ya Mjerumani?

#48 AskariMstaafu
Inawezekana. Wabelgiji waliingia Tabora tarehe 19 Septemba 1916, na kabla ya hapo kulikuwa na mapigano kuuzunguka mji. Zile za Mjerumani za Mauza (bunduki za Mauser) nazo zina mchezo wa vipimo: 8x57 ya zamani kichwa ni inchi .318, ya baadaye .323. Ukikosea hapo upande mmoja inalegea, upande mwingine unalipua mtutu. Lakini za kuchimbwa usiziguse hata kama zimelegea vipi. Polisi.

#49 Fundi_Karakana
Kama tumeingia 1916: hapa Tabora Mjerumani alipokatiwa meli alipiga sarafu mwenyewe. Rupia 15 za dhahabu zenye tembo, na heller 5 na 20 za brasi na shaba. Chakavu zilikusanywa, yakiwemo maganda. Kwa hiyo brasi ya risasi ilishawahi kuwa hela mji huu.

#50 NgojaNione
Mzee sasa unawaita wa rupia. Kesho watakuja na vifaa vya kutafutia madini nyumbani kwa mtoa mada.

#51 MkusanyajiSarafu
Mtu ana heller 20 ya Tabora? Inbox.

#52 Kijana_Gongoni
😂😂 wameshafika.

#53 Mwana_Isevya
Tusitoke nje ya mada. Picha nimepiga kama mzee alivyoelekeza, mwanga wa pembeni. Nimeangalia zilizolegea zote. Mbili zina kamstari kutoka mdomoni kwenda chini, kama unywele, kucha inakwama ukipitisha. Aina moja kila moja. Nyingine zilizolegea sioni ufa. Ile iliyotoka kichwa chote haina ufa.

#54 TichaKasulu
Mbili ni ushahidi. Amonia.

#55 Kipilipili
Mbili ni ushahidi wa ufa, si wa amonia. Brasi iliyochoka inapasuka pia pale pale, mdomoni kwenda chini. Na ile iliyotoka haina ufa, hiyo ni mbano mbaya wa mdomo. Unakumbuka kile kijistari cha duara?

#56 TichaKasulu
Na kuku je? Walikuwa wanapumua manukato?

#57 Msasi_Ugalla
Nyie wawili mnaweza kuwa sahihi wote na magazini yangu ikawa sahihi pia. Ganda lililochoka, likabanwa vibaya, likagongwa siku kadhaa, likalala na kuku miaka kumi. Lishike nini?

#58 DadaWakili
Na mimi niwe sahihi pia: bado ziko nyumbani?

#59 Mwana_Isevya
Dada zinakwenda kesho. Nimeongea na askari mmoja ninayemfahamu, kasema nizilete kwenye boksi lake, kila moja itenganishwe na mwenzake, na ile iliyofunguka baruti yake iwe kwenye chupa ya plastiki peke yake, nisiifunge kwa nguvu. Leseni mkononi. Nitanunua za kiwandani.

#60 Mkulima_Urambo
Hizo mpya usiziweke stoo ya mbolea mkuu. Ndani, juu, pakavu.

#61 Fundi_Karakana
Kabla hujazipeleka nifanyie jambo moja, usiku huu bado upo. Zile zisizo na ufa, weka alama ya kalamu ya wino mzito kwenye kichwa na kwenye ganda, mstari mmoja unaovuka. Kisha zungusha taratibu uone kinaanza kuteleza kirahisi sehemu zote au kuna upande kinakwama. Kikikwama upande mmoja, shingo si duara, ukuta una upande mnene na upande mwembamba. Hilo hakuna aliyelitaja, na venia ya jirani yako haiwezi kuliona.

#62 Kipilipili
Mzee!! Hiyo nayo inawezekana kabisa. Ila mtoa mada, ncha ielekee pasipo na mtu na usilazimishe.

#63 Mwana_Isevya
Nimefanya kwa tatu. Mbili zinateleza sawasawa. Moja inakwama karibu nusu mzunguko halafu inaachia.

#64 MwishoWaReli
Sababu ya saba. Nani anahesabu?

#65 MkusanyajiSarafu
Nauliza tena, heller 20, hata kama imechakaa. Ila isiwe imesuguliwa na limau.